Wana wa Nani Hawa?

Bandari ilikuwa imepata kona. Mpigaji ameshauweka mpira chini, watu wa jukwaani wamesimama, nami pia nimesimama, na hapo ndipo ami aliponigonga goti kwa bakora yake.

"Wana wa nani hawa?"

Nilidhani hakulishika jina la timu. "Bandari, ami," nikamwambia bila kugeuka. "Hao wanaoshambulia upande huu."

"Timu naijua. Nakuuliza wana. Yule namba saba ni mwana wa nani?"

Kona ikapigwa, kipa akaidaka, tukakaa. Sikuwa na jibu. Namba saba nilimjua kwa mguu wake wa kushoto, kwa jinsi anavyomkimbilia refa mikono ikiwa nyuma, hata kwa mitindo ya nywele aliyobadilisha msimu hadi msimu. Mwana wa nani, sijui. Nikamtazama beki wa kulia. Sijui. Nikamtazama kipa. Sijui.

Misimu mingapi nimekuwa nikienda Mbaraki, uwanja wa Bandari hapa Mombasa! Na siwezi kukuonyesha mlango wa hata mmoja wao.

Ami hakulirudia swali. Wakati wa mapumziko alikula muhogo wake wa ndimu na pilipili, akayasifu majani ya uwanja, kisha akasema magoti yanamuuma, twende zetu. Ndani ya tuktuk hakusema neno mpaka tulipopita Mwembe Tayari.

"Uwanja mzuri," akasema. "Lakini sikumuona mtu wangu."

Hiyo ilikuwa Jumapili, wiki saba zilizopita. Tangu siku hiyo sijatulia.

## Milango ya Kuze

Ami ni wa Feisal, timu ya zamani ya hapa mjini. Alizaliwa mwaka wa mgomo mkuu, 1947, kwa hivyo Feisal ilipotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1965 alikuwa kijana wa miaka 18, umri ambao furaha ikikuingia haitoki tena. Ligi ya taifa yenyewe ilikuwa changa, iko katika msimu wake wa tatu. Wa kwanza, wa 1963, ulichukuliwa na Nakuru All-Stars, wa pili na Luo Union. Wa tatu ukaja kwetu. Msimu uliofuata Abaluhya wakauchukua, wakauchukua tena, kisha Gor Mahia, na kombe hilo likapanda bara. Miaka 60 hii, hakuna timu ya Mombasa iliyolishika tena.

Hayo nimeyasikia tangu utotoni. Ila baada ya siku ile ya Mbaraki nilirudi kwake na daftari, nikamwomba anisimulie upya. Nilitaka mabao: nani alifunga, dakika gani, kwa mguu upi.

Ami hana mabao. Ana nyumba.

"Inuka," akaniambia. Tukatoka kwa miguu baada ya alasiri, tukashika vichochoro vya Kuze, na kila hatua chache bakora inanyanyuka. Pale palikaa beki, mamake akichoma mahamri. Mlango ule wenye geti la chuma, zamani ulikuwa wa nakshi, walikaa ndugu wawili, mmoja Feisal, mmoja Mwenge, na siku ya mechi baba yao hula chakula cha mchana peke yake ili asionekane amependelea. Hapa kwenye duka la simu palikuwa na fundi viatu aliyekuwa akishona njumu kwa mkopo. Yule wa ghorofani alichezea Liverpool, Liverpool yetu ya Mombasa, na alikuwa na shuti lililowahi kumvunja mtu kidole.

Nikamuuliza kwa nini hayo ya nyumba yana uzito kwake kuliko magoli. Akashangaa kwamba nauliza.

"Mtu akikosa penalti Jumapili," akasema, "Jumatatu mamake ataambiwa sokoni. Utateza vipi ovyo na mamako yuko sokoni?"

Barazani kwetu husemwa kwamba mpira wa Mombasa ulikufa na Feisal. Nami nimelisema hilo mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayejua. Jioni ile, daftari limejaa milango, nililiamini kuliko wakati wowote.

Usiku halikuniacha nilale.

## Timu ya kazi

"Ile ni timu ya kazi," ami husema akiitaja Bandari, na neno kazi hulitoa mdomoni kama kokwa.

Asili yake haina utata. Mizizi ya Bandari iko katika timu za kampuni za pale Kilindini: LASCO, iliyobeba jina la kampuni ya kushusha na kupakia mizigo enzi za Waingereza, na baadaye Cargo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, mwaka uliofuata ikaundwa Halmashauri ya Bandari, KPA. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Cargo ikamezwa na halmashauri hiyo, na jina tunaloliimba leo ndilo lililobaki.

Lakini ami hayuko kwenye makaratasi hayo. Yeye yuko kwa winga wake.

Mtaani kwao walikuwa na timu, ndogo, ya vijana wa mabaraza matatu. Jina lake siliandiki, kwa sababu wazee wanne tu ndio watakaolitambua na wote wanne watagombana nami kuhusu rangi ya jezi. Kila Ijumaa baada ya swala ilipitishwa kofia. Senti hamsini, shilingi, kila mtu na uwezo wake. Aliyetia chake alikuwa na haki ya kusimama na kusema: yule kijana aanze, huyu apumzishwe, mwenyekiti atuonyeshe hesabu. Walikuwa na winga mmoja ambaye watu walitoka Majengo hadi Tononoka kumtazama yeye tu. Msimu mmoja akaitwa bandarini. Akapewa kazi, mshahara wa kila mwezi na njumu mpya. Mwaka uliofuata wakaitwa wawili wengine. Timu ya mtaa ikazimika bila hata mtu kutangaza kwamba imezimika.

"Walituchukulia wana," ami husema.

Kwa wiki mbili nzima nilikuwa upande wake. Nilijitazama mimi mwenyewe pale Mbaraki. Nalipa langoni, napiga kelele, narudi nyumbani. Nikichukizwa na uamuzi, hakuna Ijumaa wala kofia wala mkutano wa kusimama na kudai hesabu. Ikiamuliwa kesho kwamba timu haina fedha, nitasoma gazetini kama mtu wa Kitale anavyosoma. Ninaipenda timu ambayo haina pahali pa kuniuliza neno.

Kisha siku moja, tukiwa kwenye kahawa, nikamuuliza ami jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza.

"Yule winga, mwisho wake ulikuwaje?"

Akazungusha kikombe.

"Alijenga."

Alijenga Kisauni, nyumba ya mawe. Akasomesha wadogo zake wanne. Akastaafu na pensheni. Na wale waliobaki wakichezea kofia ya Ijumaa? Wengi ami ameshawazika, na wawili kati yao sanda ilibidi ichangwe.

Nilifunga daftari. Sikujua tena niandike nini.

## Mechi ya nyumbani, Nairobi

Mwaka 2019 ulinirudia kichwani nikiwa katika hali hiyo.

Bandari ilikuwa imerejea ligi kuu 2013, na 2015 ikatwaa kombe la GOtv Shield. Chini ya kocha Bernard Mwalala ikamaliza ya pili nyuma ya Gor Mahia mwaka 2018, na ya pili tena 2018/19. Ya pili mara mbili mfululizo! Wale wanaosema mpira ulikufa na Feisal hawakuwa wakitazama.

Januari ya 2019 timu ilikwenda Dar es Salaam kwenye Kombe la SportPesa, ikaifunga Simba 2-1 katika nusu fainali, kwao. Mechi ile niliitazama mkahawani hapa mjini, na nusu ya mkahawa ilikuwa ya Simba. Wazaliwa wa Mombasa, watu ninaowajua hadi kwa bibi zao, wakiomba timu ya Mombasa ifungwe. Nilitoka nikiwa na hasira nao. Leo, baada ya yote haya ya kofia ya Ijumaa, nawaelewa zaidi. Simba ina wanachama, ina matawi, ina mikutano ambayo watu hukesha wakigombana. Wale jamaa walikwenda ng'ambo ya mpaka kutafuta kitu ambacho babu zao walikuwa nacho Majengo.

Fainali tulifungwa 1-0 na Kariobangi Sharks. Miezi michache baadaye tuliwafunga haohao 3-1 katika fainali ya ngao ya FKF, shirikisho la soka la Kenya, na tiketi ya Kombe la Shirikisho la Afrika ikawa yetu.

Mechi ya kwanza ya nyumbani, dhidi ya Al-Ahly Shendi ya Sudan, ilichezewa Kasarani.

Nyumbani, kilomita karibu 480 kutoka nyumbani. Mombasa haikuwa na uwanja wa kupokea mechi za CAF, shirikisho la soka la Afrika. Nilipanda basi la usiku nikiwa na kijana mmoja wa Changamwe ambaye sikumjua kabla ya siku hiyo. Tulifika asubuhi, baridi inatutafuna, tukanywa chai mara tatu kungojea lango lifunguliwe. Pale jukwaani sisi tuliotoka pwani tulikaa pamoja, na Kasarani ni kubwa, sauti yako unaisikia ikiondoka na hairudi. Mechi ikaisha 0-0.

Njiani kurudi, mahali fulani baada ya Mtito Andei, nikaanza kujihesabia kwa sauti ya chini. Nahodha, Felly Mulumba, ni Mkongo. Kipa tuliyemzoea, Farouk Shikalo, ameshakwenda Yanga. Wachezaji wametoka Uganda, Kisumu, Kakamega. Mwajiri ni shirika la serikali. Uwanja ni wa Nairobi. Nikamgeukia yule kijana nikamuuliza, hapa cha Mombasa ni kipi?

"Sisi," akasema, akajifunika koti na kulala.

Timu ilikwenda Sudan ikapata sare ya 1-1, ikavuka kwa bao la ugenini. Ikaitoa Ben Guerdane ya Tunisia. Horoya ya Guinea ndiyo iliyotusimamisha. Ninayakumbuka hayo yote, lakini neno la yule kijana nililisahau kwa miaka mpaka bakora ya ami iliponigonga goti.

## Karai la shangazi

Nilikwenda kumwamkia shangazi, dada yake ami, si kwa ajili ya mpira. Nilikwenda kwa sababu alikuwa na homa. Tulipomaliza habari za dawa akaniuliza mbona nimekonda, nikamweleza: ami, Mbaraki, wana wa nani.

Akacheka mpaka akakohoa.

"Na baba yetu, alikuwa mwana wa nani alipofika hapa?"

Nilijua kwamba babu alitoka Faza. Nilijua alikuwa kuli. Sikuwahi kuyaweka mawili hayo pamoja na kuyatazama. Shangazi akayaweka. Babu alishuka jahazini akiwa na mkeka na shati la pili, hana jamaa hapa, hana mlango wa kugonga. Majengo yote hapakuwa na mtu wa kusema huyu ni wetu. Alilala miezi na makuli wenzake, chumba kimoja, Wataita, Wajaluo, Wakamba, Wadigo, kila mtu na lugha ya ndotoni mwake. Na ukitaka kujua lini watu wa mtaani walianza kumwita kwa jina, ni pale aliposimama golini katika timu ya makuli. Alikuwa na mikono mirefu, wakamwita Korongo. Bibi yangu alipoposwa, mjomba wake aliuliza ni nani huyo, akajibiwa: ni Korongo, yule golikipa wa makuli. Posa ikapita.

"Timu ya kazi," nikasema.

"Timu ya kazi," akajibu. "Na kakangu ajua. Ila kwake yeye mpira huanza na Feisal."

Nilifikiri nimepata nilichokuja kutafuta bila kujua kwamba nakitafuta. Nikataka kuaga. Shangazi alikuwa bado hajamaliza.

Ile timu ya mtaa ya ami, ile ya kofia ya Ijumaa, ilikuwa na jezi kumi na mbili tu. Kumi na moja na ya kipa wa akiba. Zilifuliwa na nani? Na yeye. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila Jumatatu, uani, karai la bati, sabuni ya mche iliyokatwa kwa uzi, na buluu kidogo kwenye suuzo la mwisho ili kola zing'ae.

Nilimuuliza kama anakumbuka wachezaji. Akaniambia hata mmoja hakuwahi kumuona akicheza, lakini jezi zao angezitambua hata leo gizani. Namba tano ilikuwa na udongo mwekundu ubavu wa kulia, daima wa kulia, kwa hivyo alijua mtu huyo huteleza upande mmoja tu. Namba nne ilikuwa na madoa ya tambuu kifuani, hayatoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Namba nane ilirudi na damu kwenye mkono, kila wiki, maana alijifuta pua nayo. Winga wa ami, yule aliyekwenda bandarini, jezi yake ilikuwa ikichanika begani pale pale, kwa kushikwa na mabeki, na shangazi aliishona mara saba.

"Namba tisa ilirudi safi," akasema. "Nikamwambia kakangu, mtu huyu hatezi. Akanambia wewe wajua nini, mwanamke. Baada ya mwezi wakamtoa."

Uwanjani hakwenda. Wasichana hawakwenda. Alikuwa akisikia kutoka uani, na alijua matokeo kabla hawajarudi, kwa sababu kelele ya goli letu hupanda na kukaa juu, na kelele ya goli lao hukatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo.

Kombe kubwa la kwanza la nchi hizi zetu, lililoanza 1926 kwa Kenya na Uganda, baadaye Tanganyika na Zanzibar zikaingia, ambalo mwishowe likawa Kombe la CECAFA, liliitwa Gossage, na Gossage alikuwa mtengenezaji wa sabuni. Nimelisoma jambo hilo miaka mingi iliyopita na nikalipita. Siku ile niliketi kwenye kitanda cha shangazi nikiwa na mikono yake mbele yangu, na nikalikumbuka.

Wiki tano nilikuwa nimetembea na daftari. Niliongea na ami, na wazee wanne wa jezi, na mzee mmoja wa Bondeni aliyedai alimzuia Joe Kadenge, nyota wa Kenya wa enzi hizo, kwa dakika tisini. Nilikuwa na kurasa za milango. Hakuna hata mmoja wao aliyenitajia karai.

Na mimi sikuuliza.

## Jumamosi

Homa ilipomtoka shangazi alinitumia salamu kwa mtoto wa jirani: nimekwenda kila mahali, hata Makka nimekwenda, lakini mpirani sijawahi. Ami hakufurahi. Akasema kuna jua. Akasema kuna matusi. Akasema hakuna pa kukaa mwanamke mzima. Nikamwambia siku hizi wako wengi. Akasema magoti yanamuuma. Jumamosi saa nane alikuwa mlangoni, kofia mpya kichwani, akiuliza tuktuk iko wapi.

Nilikuwa nimejiandaa safari hii. Nilikwenda Mbaraki katikati ya wiki kutazama mazoezi, nikaongea na kijana mmoja wa akiba, nikapata alau ukoo mmoja. Baba kutoka Kakamega, mama wa Kisauni, babu mzaa mama alikuwa mvuvi Mtopanga. Nikamweleza ami ndani ya tuktuk, nikiwa na fahari yangu.

Akafikiri muda mrefu, midomo ikienda, akipitia majina ya wavuvi.

"Siwajui," akasema. Kisha, tulipokuwa tukishuka: "Akiingia, nionyeshe."

Tuliketi mstari wa tatu, shangazi katikati, buibui lake amelikusanya magotini, kifuko cha kashata mkononi. Kwa dakika za mwanzo alishtuka kila mpira ulipopigwa juu. Halafu akatulia. Nilimwibia jicho mara kadhaa nikaona hafuati mpira. Anafuata mtu mmoja, anamwacha, anachukua mwingine. Beki wetu alipoteleza akainuka na ubavu mzima una majani, shangazi akatoa sauti ndogo ya kuridhika, kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani.

Kijana wangu wa akiba aliingia dakika ya sitini na kitu. Nikamgusa ami. Ami akaegemea mbele, mikono miwili juu ya bakora. Mpira wake wa kwanza kijana aliupoteza. Wa pili akaukokota hadi kona akakatwa mguu, akaanguka, jezi ikashikwa begani ikatatuka mshono.

Jukwaa lote likamlilia refa. Ami akasimama, magoti na yote, akapiga kelele: "Mwana wa watu huyo!"

Shangazi hakusimama. Alikuwa akilitazama lile bega.

"Nambie," akaniuliza, "hizi jezi hufuliwa na nani?"

Nikampa ami chupa ya maji anishikie, nikashuka ngazi kwenda kuuliza.